Mulamba: picha yake Ulaya, kifo chake cha uongo ndani ya shimo

Ubishi ulianza na simu. Vijana watatu walikuwa wameshuka kutoka Mangurejipa, wote juu ya pikipiki moja, nguo zikiwa bado na udongo mwekundu. Walikuwa wamekaa mbele ya duka hapa Butembo wakingojea mnunuzi wa vumbi lao la dhahabu. Mnunuzi alichelewa, kama kawaida. Mmoja wao akafungua simu, akatuonyesha picha ya zamani iliyokuwa inauzwa huko Ulaya: Léopards wa Zaire, mwaka 1974, chui kifuani. Kipande cha karatasi kidogo kuliko kiganja cha mtoto, na chini yake bei kwa euro.

« Bana ba jurnali, mutuelezee, » akasema. « Hii ni karatasi. Haina hata tone ya dhahabu ndani. Juu ya nini batu banalipa makuta mingi vile? »

Kabla hatujajibu, muzee mmoja aliyekuwa kando na fimbo yake akasogea kuangalia. Yeye alifanya kazi zamani migodini, wakati makampuni yalikuwa na mshahara, kantini na zahanati. Aliinamia simu, akatafuta sura anayoijua.

« Mu ile ekipe kulikuwa Mulamba, » akasema. « Ule njo banasemaka alikufia mu shimo ya diama, kule Angola. »

« Alikufa kweli? »

« Banasemaka. »

Hapo tukaona kuna habari ya kuandika. Juu Ndaye Mulamba hakufia ndani ya shimo. Alikuwa mzima siku ile Afrika nzima ilipomlilia, na aliendelea kuishi miaka zaidi ya ishirini. Muzee wetu aliposikia hivyo alikunja uso, akatuangalia kama watu waliokuja kumuuzia dhahabu ya shaba.

Kwanza tujibu swali la kijana, maana hatukulijibu vizuri siku ile.

Picha zile kwa Kifaransa zinaitwa vignettes. Si vinyeti ya gari, ile ambayo dereva anaitafuta kwa jasho wakati polisi amemsimamisha. Hizi ni picha za wachezaji za kubandika ndani ya albamu. Katika mji wa Modena, kule Italia, kulikuwa na ndugu wa jamaa ya Panini waliokuwa wanauza magazeti. Mwaka 1961 walitoa albamu ya kwanza ya wachezaji wa Italia, na mwaka 1970 wakatoa albamu ya Kombe la Dunia la Mexico. Biashara yenyewe ni rahisi, na ina ujanja. Mtoto ananunua bahasha ndogo iliyofungwa. Hajui ni nani yuko ndani. Anaweza kumpata mshambuliaji mkubwa, anaweza kumpata kwa mara ya tano beki yule yule ambaye hakuna anayemtaka. Wale waliozoea kununua gunia la mawe kabla halijasagwa wanaelewa mara moja: unalipa kwanza, unajua kilicho ndani baadaye.

Zinazorudia, mtoto anabadilisha na wenzake. Akijaza albamu, anaiweka. Akikua, anaisahau. Mama yake anaitupa siku ya kufagia. Na hapo ndipo bei inapozaliwa.

Kule Marekani jambo hili ni la zamani zaidi. Picha za wachezaji zilianza kutiwa ndani ya pakiti za sigara, kisha za shingamu, na mchezo wao mkubwa ni besiboli, ule wa kurusha mpira na kuupiga kwa gongo. Japani nao wanapenda besiboli sana. Huko kampuni ya Calbee inatia kadi za wachezaji pamoja na pakiti za chipsi tangu mwaka 1973, kwa hiyo mtoto wa Japani anakula viazi na kumjua mrushaji wa timu yake kwa uso. Mwezi Agosti 2022, kadi moja ya Mmarekani Mickey Mantle, iliyochapwa mwaka 1952 na kampuni ya Topps, iliuzwa kwa dola milioni 12.6. Kwa bei ya dhahabu ya mwezi ule kwenye soko la dunia, ni zaidi ya kilo 200. Vijana wa Mangurejipa walipiga kelele. Tuliwaeleza sababu: kadi nyingi za toleo lile hazikupata wanunuzi, zikalala ghalani, na mwishowe kampuni yenyewe ikazimwaga baharini. Zilizobaki zikawa adimu.

« Na ule Mantle, alipata ngapi? » akauliza yule mwenye simu.

Mantle alikufa mwaka 1995. Hakupata kitu.

Kijana alifunga simu. Mchimbaji hahitaji kuelezwa mara mbili kwamba bei inapanda baada ya kitu kutoka mkononi mwake.

Mwaka 1974 Panini walitoa albamu ya Kombe la Dunia la Ujerumani, na Zaire ilikuwa ndani. Ilikuwa timu ya kwanza ya Afrika, kusini mwa Sahara, kufika Kombe la Dunia. Watoto wa Milano na Munich, ambao hawangeweza kuonyesha Kinshasa kwenye ramani, walikuwa wanabandika sura za wachezaji wetu kwa vidole vyao na kujaribu kutamka majina. Muzee wetu hakuwahi kuziona picha zile. Yeye alikuwa na redio. « Tulisikiaka tu, » alisema. « Sura zao tulikuwa tunazitengeneza mu kichwa. » Watoto wa wakati ule hapa kwetu walikuwa na mpira wa majani ya migomba uliofungwa kwa kamba, na kila mmoja alijipa jina la mchezaji kabla ya kuanza. Wengi walitaka kuwa Mulamba, na ilikuwa lazima wapigane kwanza.

Ndaye Mulamba alizaliwa tarehe 4 Novemba 1948 Luluabourg, mji tunaouita leo Kananga. Alianza mpira Kasai, akacheza Mbuji-Mayi, mji wa almasi, katika timu ya Bantous, kisha akaenda Kinshasa, AS Vita Club. Walimpa jina la Mutumbula. Wazee wanalijua jina hilo: ni yule mtu wa kutisha wa hadithi za wakati wa Wabelgiji, anayenyakua watu usiku na hawaonekani tena. Magolikipa walielewa maana yake. Mwaka 1973 Vita walifika fainali ya kombe la vilabu bingwa vya Afrika. Kule Kumasi, Ghana, Asante Kotoko waliwapiga 4 kwa 2. Mchezo wa kurudiana Kinshasa, Vita wakashinda 3 kwa 0 na kuchukua kombe.

Miezi michache baadaye, Machi 1974, ilikuwa Kombe la Afrika kule Misri. Hapa tuende polepole kidogo, kwa sababu jambo alilolifanya Mulamba kule halijarudiwa na mtu mwingine hata leo.

Katika mechi za makundi alifunga magoli matatu. Nusu fainali, Zaire iliwakuta Wamisri wenyewe, nyumbani kwao Cairo. Misri ilitangulia 2 kwa 0. Mtu yeyote angezima redio. Mulamba akafunga, Kidumu akasawazisha, Mulamba akafunga tena: 3 kwa 2. Fainali ilikuwa na Zambia, tarehe 12 Machi. Zambia walitangulia, Mulamba akasawazisha. Wakaingia muda wa nyongeza, na dakika tatu kabla ya mwisho Mulamba akafunga la pili. Watu wakaanza kukumbatiana. Dakika ya mwisho kabisa, Zambia wakasawazisha. Siku zile hawakupiga penalti. Ilibidi mechi irudiwe siku mbili baadaye. Tarehe 14 Machi, Zaire ilishinda 2 kwa 0. Magoli yote mawili yalikuwa ya Mulamba.

Jumla magoli tisa katika kombe moja. Laurent Pokou wa Ivory Coast alikuwa amefunga manane mwaka 1970. Baada ya Mulamba walikuja Roger Milla, Eto'o, Drogba, Salah. Hakuna aliyefika tisa katika kombe moja. Eto'o ana mengi zaidi kwa jumla, lakini aliyapanga katika makombe kadhaa. Mulamba aliyatoa yote ndani ya siku chache, kama mtu aliyekuta mshipa wa dhahabu na hataki kulala.

Mobutu aliwapokea kama wafalme. Wachezaji wenyewe walisimulia baadaye jinsi walivyoahidiwa nyumba na magari. Halafu ikafika Juni, na Ujerumani.

Mechi ya kwanza, Dortmund, walipoteza 2 kwa 0 mbele ya Scotland. Si aibu. Lakini kati ya mechi ya kwanza na ya pili, wachezaji waligundua kwamba pesa zao za kucheza hazionekani. Zilikuwa zimetoka Kinshasa. Zilipoishia, wakubwa waliosafiri nao walijua. Mwepu Ilunga, beki wa kulia, alisimulia mara nyingi kwamba walitaka kukataa kuingia uwanjani. Waliingia, lakini miili tu. Tarehe 18 Juni, kule Gelsenkirchen, Yugoslavia iliwafunga 9 kwa 0. Kocha wao, Vidinić, naye alikuwa Myugoslavia, na unaweza kufikiri yaliyosemwa Kinshasa usiku ule.

Ndani ya mechi ile kuna jambo ambalo sisi tunaliona kubwa kuliko magoli tisa waliyofungwa. Kabla ya nusu saa, wachezaji walimzunguka mwamuzi, Omar Delgado wa Colombia, wakilalamikia goli. Mwepu, nambari 2, akampiga teke mwamuzi kwa nyuma. Mwamuzi akageuka, akaona watu weusi wenye jezi moja, akatoa kadi nyekundu kwa nambari 13. Nambari 13 alikuwa Mulamba. Alieleza kwamba si yeye. Mwepu, ambaye alifariki mwaka 2015, alikiri mwenyewe kwamba teke lilikuwa lake. Haikusaidia. Mfungaji bora wa Afrika alitoka uwanjani kwa kosa la mtu mwingine, na mechi ya mwisho na Brazil hakucheza.

Fikiri sasa: wakati ule ule, watoto wa Ulaya walikuwa na sura za wachezaji wa Zaire zimebandikwa ndani ya albamu, kila sura na jina lake. Na mwamuzi aliyesimama hatua mbili mbele yao hakuweza kutofautisha Mwepu na Mulamba.

Baada ya Ujerumani wachezaji wale walisahauliwa. Mulamba aliendelea na Vita hadi miaka ya themanini, kisha akaacha mpira. Pensheni ya mchezaji haikuwepo. Mwaka 1994, Kombe la Afrika lilipofanyika Tunisia, walimkumbuka na kumwita kumpa heshima. Alikwenda, akapigiwa makofi, akarudi Kinshasa. Watu wenye silaha waliona mtu aliyetoka kupewa heshima ng'ambo, wakapiga hesabu zao: lazima amerudi na dola. Walimvamia, wakampiga risasi mguuni. Mguu ule ule ndio uliokuwa mali yake yote.

Aliyemwokoa ni mtu ambaye wasomaji wetu wa Butembo na Beni hawahitaji kuelezwa ni nani: Emmanuel Paye-Paye. Alimchukua, akamweka mahali pa usalama na kumtunza miezi minane hadi akapona. Tulipomwambia muzee wetu jambo hili, uso ulifunguka kwa mara ya kwanza. « Kumbe alipitia mu mikono ya mtu wetu! » Kisha akanyamaza, akasema: « Na hatukujua. »

Kisha vita vikaja, ile ya 1996. Mtoto wake wa kwanza aliuawa. Mulamba aliondoka peke yake, mikono mitupu, akafika Afrika Kusini kama mkimbizi: kwanza Johannesburg, baadaye Cape Town, ambako jamaa moja ya mtaa wa maskini ilimpokea. Huko hakuna aliyejua kwamba yule mwanaume anayechechemea ana rekodi ya Afrika.

Na mwaka 1998, Kombe la Afrika lilipofanyika Burkina Faso, ilitangazwa kwamba Ndaye Mulamba amekufa. Ajali ya mgodi wa almasi, Angola. Watu walisimama uwanjani, wakanyamaza dakika nzima kumkumbuka. Siku ile alikuwa Cape Town, bila kazi, akiwa amezidiwa na pombe, lakini anapumua.

Tumejiuliza namna gani bara zima linaamini kitu kama kile. Miaka ile vijana wengi wa Kongo walikuwa wanavuka mpaka kwenda Lunda Norte kuchimba almasi. Waliitwa bana Lunda, na Kasai karibu kila mtaa ulikuwa na wa kwake. Mtu akipotea, jibu la kwanza lilikuwa Angola. Akikaa kimya mwaka mmoja, jibu la pili lilikuwa shimo. Mtu akifa hospitali, kuna karatasi. Akifa barabarani, kuna gari na mashahidi. Akisemwa amefia mgodini, hakuna anayeuliza tena: shimo limefunga, na mwisho. Kwa maoni yetu, ndiyo sababu uongo ule ulipita bila mtu hata mmoja kupiga simu. Ulikuwa uongo unaofanana na mambo yanayotokea kila wiki.

Tuliwauliza wale vijana watatu: kule juu, ni nani anaandika majina ya wanaoshuka?

Walitazamana. « PDG anatujua, » mmoja akasema. PDG, kwa msomaji asiyetoka migodini, ni mwenye shimo. Anawajua kichwani. Tukauliza: na PDG akishuka naye, udongo ukianguka? Hakuna aliyejibu. Sheria ya migodi, ile ya 2002 iliyorekebishwa mwaka 2018, inadai kila mchimbaji wa mkono awe na kadi yake, yenye jina, na inatakiwa kufanywa upya kila mwaka. Kati ya watatu, mmoja alikuwa nayo. Ilikuwa imepitwa na wakati, na alikuwa ameiacha nyumbani isije ikaharibika na maji. Shimoni wengine wanamwita kwa jina la utani. Mtu wa bloku ya pili hamjui jina lake la kanisani.

Juma lililofuata tulikuwa Beni kwa shughuli nyingine. Tulikuwa tunaongea habari hii ya Mulamba na rafiki yetu sokoni, kwa sauti, kama watu wa mpira wanavyoongea. Mama mmoja anayeuza lengalenga aliacha kupanga mafungu yake.

« Ule mutu, » akatuuliza, « balisema amekufia mu shimo, na alikuwa muzima? »

Tukasema ndiyo.

« Balimukuta je? »

Hatukuelewa mara moja juu ya nini anauliza kwa sauti ile. Akatuambia tukae. Mtoto wake wa pili alienda kuchimba dhahabu upande wa Mambasa, sasa ni miaka kadhaa. Mwanzoni alikuwa anatuma simu, mara moja hata pesa za masomo ya mdogo wake. Kisha akanyamaza. Kisha akaja mwanaume mmoja na mfuko wenye suruali na redio ndogo, akasema shimo limeanguka, walikuwa sita, hawakutolewa. Alikunywa maji, akaondoka. Jamaa ikafanya kilio. « Kilio bila mwili, » alisema mama. « Batu banalia, banaangalia mulango. Hata mimi nilikuwa nalia na kuangalia mulango. »

Alipouliza baadaye jina la shimo, kila mtu alimpa jina tofauti. Alipouliza majina ya wale wengine watano, hakupata hata moja. Yule mwanaume wa mfuko hakuonekana tena. Barabara ya kwenda kule wote tunaijua, na mama wa umri wake hawezi kuipita kwa siku hizi za mauaji. Kwa hiyo ana suruali, ana redio, na hana zaidi.

Tulimweleza basi jinsi Mulamba alivyoonekana. Hakuwa amejificha, hakuna aliyekuwa anamtafuta. Cape Town alikuja kuoa mwanamke wa pale pale mtaani, akaanza kuwafundisha vijana mpira. Watu wa filamu walimfuata, na mwaka 2010, Kombe la Dunia lilipofika Afrika Kusini, ikatoka filamu ya Makela Pululu inayoitwa kwa Kiingereza Forgotten Gold. Sisi tungesema Dhahabu Iliyosahauliwa. Mwaka ule ule Claire Raynaud alitoa kitabu cha maisha yake kwa Kifaransa, na jina la kitabu ni La Mort m'attendra, yaani Kifo kitanisubiri. Mama alicheka kidogo hapo. « Alisema vizuri, » akasema.

Tulimwambia pia mwisho wake, maana hatukutaka kumpa nusu ya habari: Mulamba alifariki Johannesburg tarehe 26 Januari 2019, akiwa na miaka 70. Safari ile ilikuwa kweli.

« Sawa, » mama akasema. « Lakini alikufa na miaka yake. »

Tungemwambia nini zaidi? Tulijua, na nafikiri yeye pia alijua, kwamba mtu aliyefunga magoli tisa ana watu wa filamu wa kumtafuta, na mtoto wa kuuza lengalenga hana. Rafiki yetu alijaribu kumwambia asijipe matumaini ya bure. Mama akamjibu bila hasira kwamba matumaini hayalipiwi kodi sokoni, na mafungu yake yapo, anunue au aondoke. Tulinunua mawili.

Kisha akatuomba tungoje. Anaishi si mbali. Alirudi na bahasha ya plastiki, na ndani yake fotokopi ya kadi ya mchimbaji ya mtoto wake. Aliifanya mwenyewe, kijana aliporudi mara ya mwisho Noeli, kwa sababu jirani alimshauri. Ni karatasi moja iliyokunjwa mara nne, ndogo, nyeusi na nyeupe. Mashine ilikuwa mbaya. Uso umekuwa doa, unaona masikio na shingo ya shati tu. Jina linasomeka. Nambari inasomeka, isipokuwa tarakimu mbili zilizo kwenye mkunjo.

Aliuliza kama tunaweza kuiweka katika gazeti, kwa sababu gazeti linafika Mambasa na Bunia, hata Kisangani, na huenda mtu akaijua sura. Tulimwambia kwamba sura haionekani. Alisema yeye anaiona.

Tuliipiga picha kwa simu na kumwahidi kuuliza kwa wakubwa wetu. Swali liko mezani kwao, na kuna sababu nzuri za kusita: jina la kijana, usalama wa jamaa, watu wabaya wanaoweza kumpigia mama simu na kudai pesa. Tangu siku ile ametupigia mara mbili. Mara ya pili hakuuliza juu ya gazeti. Alitaka tu tumkumbushe tena, yule mchezaji, alikaa miaka mingapi bila mtu kujua yuko wapi.